Kusoma kitufe kimoja bila Enter: njia ipi uchukue?

Mtu anaandika mchezo mdogo wa nyoka wa kuchezwa kwenye terminali. Nyoka anatakiwa apinde kila mshale unapobonyezwa. Anaweka `getchar()`, anakompaili, anaendesha, anabonyeza mshale. Kimya. Anabonyeza tena, skrini inajaa `^[[A^[[A`, nyoka yuko palepale. Kwa hasira anabonyeza Enter, na hapo ndipo programu inamwagiwa kila kitu kwa mpigo mmoja.

Wa kwanza kulaumiwa huwa bafa, yaani hifadhi ya muda, ya `stdin`, mlango wa ingizo la programu. Atatafuta, atakuta ushauri wa kuweka `setvbuf(stdin, NULL, _IONBF, 0)`, ataubandika, na hali itabaki ileile. Haiwezi kubadilika, kwa sababu herufi zenyewe bado hazijaifikia programu. Zimeshikiliwa mlangoni na kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Dereva wa terminali hukusanya mstari mzima, hushughulikia Backspace na Ctrl+U yeye mwenyewe, na huukabidhi pale tu Enter inapobonyezwa. Kwenye Linux mstari huo una kikomo cha baiti 4096. Swichi inayosimamia tabia hiyo inaitwa `ICANON`. Mwenzake upande wa Windows ni `ENABLE_LINE_INPUT`. Njia zote nitakazozitaja hapa, hata zile zenye majina ya kupendeza, mwishowe huzima swichi hiyo au huipita pembeni.

Kwa hiyo usichague kwa kuuliza ipi inasoma kitufe. Zote zinasoma. Uliza programu ikifa vibaya nani anairudisha terminali ilivyokuwa, kisha uliza mshale unakufikia ukiwa mshale au ukiwa baiti tatu za kujitafsiria mwenyewe.

Skripti ya Bash: `read -n1`

Kama unachotaka ni swali la ndiyo au hapana ndani ya skripti, usiende mbali:

```bash
IFS= read -rsn1 -p "Niendelee? (n/h) " jibu </dev/tty
```

`-n1` inasema herufi moja yatosha, `-s` inazima mwangwi ili kilichobonyezwa kisionekane, `-r` inazuia mkwaju wa nyuma usile kinachoufuata. Bash yenyewe hubadilisha hali ya terminali na kuirudisha, hivyo swali letu la kwanza limejibiwa bila jasho.

Vipande viwili vya mstari huo watu huviacha, kisha hushangaa. Cha kwanza ni `IFS=`. Bila hicho, Bash hukata nafasi pembeni mwa jibu, na aliyebonyeza spesi anaonekana sawasawa na aliyebonyeza Enter: wote wawili wanaleta jibu tupu. Cha pili ni `</dev/tty`. Ukiwa ndani ya `while read faili; do ... done < orodha.txt` halafu ukauliza swali humohumo, `read` yako ya pili haitamsubiri mtu. Itamega herufi moja ya mstari unaofuata kwenye `orodha.txt` na kuifanya ndiyo jibu. Nimeona skripti ya kufuta faili ikijijibu yenyewe kwa namna hiyo. Bahati njema herufi ilizozimega hazikuwa `n`.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haisafiri. Kwenye `sh` ya kawaida, kama dash, hakuna `-n` kabisa; inabidi uite `stty -icanon -echo`, usome kwa `dd bs=1 count=1`, kisha urudishe kwa mkono. Kwenye zsh swichi ni `-k`, na `-p` huko ina maana nyingine kabisa. Na macOS bado inakuja na Bash 3.2, ambayo kwa `-t` (kikomo cha muda wa kusubiri) inakubali sekunde nzima tu, wakati Bash 4 na kuendelea hukubali `-t 0.05`. Tofauti hiyo ndogo inauma mara tu unapotaka mishale, kama tutakavyoona.

termios kwa mkono

termios ni miito ya mfumo ya kubadilisha hali ya terminali moja kwa moja. Hapa ndipo penye uhuru wote na hatari zote. Kwa C, kwenye Linux, macOS na jamaa zao:

```c
#include <stdlib.h>
#include <termios.h>
#include <unistd.h>

static struct termios ya_awali;

static void rudisha(void)
{
    tcsetattr(STDIN_FILENO, TCSAFLUSH, &ya_awali);
}

void anza(void)
{
    struct termios mpya;
    tcgetattr(STDIN_FILENO, &ya_awali);
    atexit(rudisha);
    mpya = ya_awali;
    mpya.c_lflag &= ~(ICANON | ECHO);
    mpya.c_cc[VMIN] = 1;   /* subiri angalau baiti moja */
    mpya.c_cc[VTIME] = 0;  /* bila kikomo cha muda */
    tcsetattr(STDIN_FILENO, TCSAFLUSH, &mpya);
}
```

Baada ya hapo, `read(STDIN_FILENO, &c, 1)` inarudi papo hapo kitufe kinapobonyezwa. Usiache mistari ya `VMIN` na `VTIME` kwa kudhani tayari iko sawa. Kiwango cha POSIX, cha mifumo ya jamii ya Unix, kinaruhusu `VMIN` na herufi ya mwisho wa faili kukaa kwenye nafasi moja ya safu. Herufi hiyo kwa kawaida ni Ctrl+D, yaani namba 4. Kwenye mfumo wa namna hiyo, ukisahau kuweka 1, programu inangoja baiti nne ndipo izinduke, na utamaliza siku ukijiuliza kwa nini inaitikia kila baada ya kubonyeza mara nne. `VTIME` nayo huhesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Ukiweka `VMIN` 0 na `VTIME` 1, `read` itasubiri sehemu moja ya kumi kisha irudi mikono mitupu, jambo linalofaa sana kwa nyoka anayepaswa kuendelea kutambaa hata mchezaji akiwa ametulia.

Kwa Python kazi ileile ni fupi zaidi:

```python
import os, sys, termios, tty
from contextlib import contextmanager

@contextmanager
def bila_enter():
    fd = sys.stdin.fileno()
    awali = termios.tcgetattr(fd)
    try:
        tty.setcbreak(fd)
        yield fd
    finally:
        termios.tcsetattr(fd, termios.TCSADRAIN, awali)

with bila_enter() as fd:
    baiti = os.read(fd, 1)
```

Angalia kwamba nimetumia `os.read`, sikutumia `sys.stdin.read(1)`. Mifano mingi hutumia hiyo ya pili, na kwa herufi za kawaida inafanya kazi. Tatizo huja unapoichanganya na `select` ili ujue kama kuna kitufe kinachosubiri. Mtu akibonyeza mshale, Python huvuta baiti zote tatu na kuziweka kwenye bafa yake ya ndani, halafu hukupa ya kwanza tu. Unamuuliza `select` kama kuna zaidi. Yeye anaitazama kerneli, anaona patupu, anasema hakuna. Programu inaamini mtu amebonyeza Esc. Baiti mbili zilizobaki zinajitokeza baadaye kama `[` na `A`, zisijulikane zimetoka wapi. Kwa `os.read` hakuna bafa ya katikati, na wote wawili, `os.read` na `select`, wanaitazama kerneli ileile.

Lile `finally` nalo lina historia yake kwangu. Niliwahi kuandika zana ya kupitia logi, kitufe kimoja kwenda mbele, kimoja kurudi nyuma. Nilirudisha terminali mwishoni mwa programu, mstari wa mwisho kabisa, nikaridhika. Siku moja ikakutana na logi tupu, ikatupa `IndexError`, ikatoka. Terminali ikabaki inanitazama: naandika, sioni ninachoandika. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshajaribu kuiua kwa Ctrl+C mara kadhaa na kila mara terminali ilirudi salama. Baadaye nikaelewa. Programu ikiuawa na ishara, Bash huirudisha terminali kwenye hali iliyokuwa nayo kabla. Ikitoka yenyewe, hata kwa makosa, Bash hudhani mabadiliko hayo ndiyo uliyoyataka. Kwa hiyo jaribio la Ctrl+C halithibitishi chochote. Jaribu kwa kutupa hitilafu katikati.

Ukinaswa hivyo, andika `stty sane` bila kuona, kisha Enter. Enter ikikataa, Ctrl+J.

Jambo la mwisho hapa: Python inakupa `setcbreak` na `setraw`, na wengi huchukua ya pili kwa sababu jina lake linatisha kidogo. Hali ghafi kamili huzima pia ishara, kwa hiyo Ctrl+C inakuwa baiti ya namba 3 tu isiyoua chochote, na huzima matengenezo ya maandishi yanayotoka, kwa hiyo kila mstari mpya unaanzia ulipoishia ule wa juu na maandishi yanashuka kama ngazi. Isipokuwa unaandika kihariri cha maandishi, `setcbreak` inakutosha.

curses

curses ni maktaba ya kusimamia skrini nzima ya terminali na vitufe vyake; ncurses ni toleo lake. Kwa upande mmoja, hapa mashaka mengi yanaisha. `keypad(stdscr, TRUE)` inakuletea `KEY_UP` badala ya baiti tatu. `nodelay` inafanya `getch` isisubiri, `timeout` inaipa kikomo cha milisekunde. Na swali letu la kwanza linajibiwa vizuri kuliko mahali pengine popote kwenye Unix: ncurses huweka vishikizi vyake vya ishara za SIGINT (ile ya Ctrl+C) na SIGTERM (ombi la kufunga programu) ili isafishe kabla ya kutoka, inajua la kufanya mtu akibonyeza Ctrl+Z, na kwa Python `curses.wrapper` inarudisha kila kitu hata hitilafu ikitupwa ndani.

Gharama yake ni kwamba inachukua skrini nzima. Ukiita `initscr`, skrini inafutwa na inakuwa mali yake. Ukitoka, kwenye terminali nyingi ulichochora kinatoweka na yale ya zamani yanarudi. Kwa mchezo au menyu kubwa hicho ndicho unachotaka. Kwa swali moja la ndiyo au hapana katikati ya matokeo mengine, ni sawa na kumhamisha mtu nyumba ili umuulize jina.

Kuna mtego mmoja unaowafanya watu waseme curses ni nzito. Ukibonyeza Esc peke yake, inakaa sekunde nzima ndipo iitikie. Si uzito, ni `ESCDELAY`, ambayo kwa kawaida ni milisekunde 1000. Iteremshe kwa `set_escdelay(25)`. Python nayo inayo tangu toleo la 3.9.

Na tahadhari kwa wanaonakili masomo ya zamani: `getch` ya curses na `getch` ya `conio.h` ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Ukiita hii ya curses bila `initscr` kwanza, inarudisha kosa tu.

Windows

Hapa kitufe kimoja ni rahisi mno. `_getch()` iliyomo `conio.h` inasoma bila mwangwi, `_getche()` inasoma kwa mwangwi, `_kbhit()` inakuambia kama kuna kinachosubiri. Hubadilishi hali ya terminali kwa mkono, kwa hiyo hakuna cha kusahau kurudisha. Python ina hizohizo ndani ya `msvcrt`. Mishale inakuja kwa miito miwili: wa kwanza unaleta 0 au 224, wa pili unaleta kitufe chenyewe, 72 juu, 80 chini, 75 kushoto, 77 kulia.

Ukishuka chini zaidi hadi `ReadConsoleInput`, unapata kitu ambacho terminali ya kawaida ya Unix haikupi: taarifa kwamba kitufe kimeachiwa. Upande wa Unix kinachosafiri ni baiti za maandishi tu, na kuachia kitufe hakuna herufi yake. Shift peke yake nayo haisemi lolote. Kuna terminali chache mpya zinazoweza kutuma habari hizo kupitia itifaki iliyoanzia kwenye terminali iitwayo kitty, lakini huwezi kumdai kila mtumiaji awe nayo. Kama mchezo wako unahitaji mtu atembee na kupiga kwa wakati mmoja huku vitufe viwili vimekandamizwa, acha terminali, fungua dirisha kwa maktaba ya SDL.

Hasara ya `conio.h` ni moja na ni kubwa: haiendi popote nje ya Windows.

Lugha nyingine, kwa haraka

C# ina `Console.ReadKey(true)`, na kwangu ndiyo nadhifu kuliko zote: inafanya kazi Windows na Linux, inaleta mshale ukiwa mshale. Hutupa hitilafu tu pale ingizo linapotoka kwenye faili au paipu. Ruby ina `STDIN.getch` ukishaita `io/console`. Java haina kitu ndani ya maktaba yake ya kawaida, chukua JLine. Node ina `process.stdin.setRawMode(true)`, na mtego wake ni kwamba Ctrl+C inakufa ganzi hadi uishughulikie mwenyewe; anayeanza hujifungia ndani ya programu yake.

Go ina `term.MakeRaw` na `term.Restore`, na kila mtu huandika `defer term.Restore(...)` akalala usingizi. Lakini `os.Exit` haiendeshi `defer`, na `log.Fatal` ndani yake inaita `os.Exit`. Yaani ile njia ya kutoka wakati wa makosa ndiyo inayoruka usafi.

Rust ina crossterm, inayofanya kazi kila mahali. Ukiiendesha kwenye Windows na kila herufi ikaonekana mara mbili, hujakosea sana: inakuletea kubonyezwa na kuachiwa. Chuja kwa `KeyEventKind::Press`.

Esc au mshale?

Ukichagua termios kwa mkono, utakutana na swali hili, na halina jibu safi. Mshale wa juu ni baiti 27, 91, 65. Kitufe cha Esc ni 27. Ukipokea 27, je, huyo ni Esc, au ni mwanzo wa mshale ambao mwili wake bado uko njiani? Hakuna namna ya kujua ila kusubiri kidogo. Kwenye mashine yako baiti zote tatu hufika pamoja. Kupitia SSH kwenye mtandao wa kusuasua zinaweza kuachana. Ukisubiri kifupi mno, mshale unavunjika vipande. Ukisubiri kirefu mno, Esc inakuwa nzito. Ndiyo maana curses ina `ESCDELAY`, na ndiyo maana nilisema `-t 0.05` ya Bash ina umuhimu:

```bash
IFS= read -rsn1 k
if [[ $k == $'\e' ]]; then
    read -rsn2 -t 0.05 baki
    k+=$baki
fi
```

Hata hapo kuna terminali ambazo, zikiwekwa katika hali ya programu, hutuma `O` mahali pa `[`. Herufi zenye alama nazo zinakuja kwa baiti mbili au zaidi katika UTF-8, kwa hiyo "baiti moja ni kitufe kimoja" ni kanuni ya kibodi ya Kiingereza tu. Ukianza kujikuta unaandika jedwali la mfuatano wa Esc, umeshaanza kuandika curses upya. Simama, chukua maktaba.

Mimi nachukua ipi

Kwa swali moja ndani ya skripti, `read -n1` ya Bash. Kwa zana ya Python yenye vitufe vichache vya herufi, `setcbreak` ndani ya `with`, na tawi dogo la `msvcrt` kwa ajili ya Windows. Mishale ikiingia, curses, au maktaba ya prompt_toolkit kama Windows ni ya lazima, kwa sababu Python ya Windows haiji na curses. Kwa C naandika termios kwa mkono pale tu nisipotaka kuongeza maktaba, na naweka kishikizi cha ishara juu ya `atexit`, maana programu ikiuawa na SIGINT `atexit` haiitwi, na si kila programu huendeshwa chini ya Bash yenye huruma.

Na mara nyingine naiacha Enter ilivyo. Git ina mpangilio wa `interactive.singleKey` unaofanya `git add -p` iitikie kitufe kimoja, na kwa kazi hiyo ni raha, kwa sababu ukikosea unarudia. Kwa kufuta data ni kinyume. Vidole hukimbia mbele ya programu. Vitufe vilivyobonyezwa wakati inashughulika vinajipanga foleni, na `n` iliyokusudiwa swali lililopita inaweza kulijibu hili kabla halijasomwa. `TCSAFLUSH` hutupa foleni hiyo hali inapobadilishwa, na `setcbreak` ya Python huitumia bila kuambiwa. Kwenye Bash inabidi uikaushe mwenyewe kabla ya kuuliza:

```bash
while read -rsn1 -t 0.01; do :; done
```